Poisson, Omori, ETAS au modeli ya kujirudia: ipi ikufae kwa matetemeko ya upande wetu?

Ukiwa Arusha au Moshi na umepewa kazi ya kueleza matetemeko hutokea kwa mpangilio gani wa muda, iwe kwa tasnifu pale Tengeru, ripoti ya jengo la ghorofa au taarifa ya kamati ya maafa ya wilaya, utakutana na modeli nne: Poisson, Omori–Utsu, ETAS na modeli za kujirudia. Zote hutoa kasi, yaani matukio mangapi kwa siku au kwa mwaka, na kutokana na kasi hiyo unakokotoa uwezekano. Hakuna inayotaja siku. Zinapoachana ni kwenye kumbukumbu. Poisson haikumbuki kitu. Ya kujirudia hukumbuka tetemeko kubwa la mwisho kwenye mpasuko mmoja. Omori hukumbuka tetemeko kuu, na ETAS hukumbuka yote, hata yale ambayo watu hawakuyasikia.

Huku kwetu lipo jambo ambalo mifano ya California na Japani hailipi uzito. Matetemeko ya Bonde la Ufa mara nyingi huja kama bumba, kama nyuki: mengi, yanakaribiana ukubwa, na lililo kubwa zaidi si lazima litangulie. Julai 2007 eneo la mlima Gelai, kusini mwa Ziwa Natron, lilianza kutikisika tarehe 12. Kubwa kuliko yote, la 5.9, lilikuja tarehe 17, na chini kulikuwa na magma, yaani mwamba ulioyeyuka, iliyojipenyeza kwenye mwamba. Septemba mwaka huohuo Oldoinyo Lengai ukalipuka. Modeli utakayochagua sharti ujue itafanya nini ikikutana na bumba la namna hiyo.

Vigezo vya kulinganisha

Cha kwanza ni urefu wa swali: siku chache zijazo, au miaka 50 ya uhai wa jengo? Cha pili ni idadi ya matukio uliyonayo juu ya ukubwa wa ukamilifu (kiwango ambacho juu yake hakuna tukio lililokosa kurekodiwa), na hapa ndipo kazi nyingi huanguka. Cha tatu, je, lipo tetemeko kuu lililo wazi au ni bumba? Cha nne ni kazi ya kompyuta: kikokotoo cha simu kinatosha, au unahitaji programu ya R na usiku mzima? Cha mwisho, unaweza kuipima modeli na kuona imekosea wapi? Modeli isiyopimika iache, hata kama michoro yake inapendeza.

Kabla ya modeli yoyote: safisha katalogi

Katalogi ni orodha ya matetemeko yenye muda, mahali na ukubwa wa kila moja. Hatua hii haikwepeki kwa modeli yoyote. Pakua matukio kutoka USGS (idara ya jiolojia ya Marekani) au ISC (kituo cha kimataifa cha matetemeko, Uingereza) kwa mstatili wa latitudo −5 hadi −1.5 na longitudo 34.5 hadi 38. Humo mna Natron, Manyara, Meru na Kilimanjaro. ISC ndiyo iliyohakikiwa zaidi, ila uhakiki wake huchelewa takriban miaka miwili.

Anza na saa. Katalogi huandika UTC (saa ya dunia, nyuma ya yetu kwa saa tatu), na mashuhuda wetu husema kwa saa ya Kiswahili. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 lilipiga saa 9:27 alasiri. Kwenye katalogi ni 12:27. Kwa saa za mchana unaongeza 3 tu. Usiku unaongeza 15, na hapo tarehe nayo huteleza: "usiku wa kuamkia tarehe 13, saa 7" ni 22:00 ya tarehe 12 kwa UTC. Kosa la saa chache halimsumbui anayetumia Poisson ya miaka 40, lakini linaiua Omori, ambayo saa za mwanzo ndizo roho yake.

Kisha ukubwa. Katalogi huchanganya vipimo, na 5.0 ya mb (ukubwa unaopimwa kwa mawimbi yanayopita ndani ya dunia) si sawa na 5.0 ya Mw (ukubwa wa momenti). Chagua kimoja, na kama unabadilisha vingine, tumia mlinganyo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Futa marudio: tukio lilelile lililoripotiwa na vituo viwili kwa sekunde tofauti. Ukiwa na data ya mtandao wa vipima vya hapa nchini, chora matukio madogo kwa saa ya siku. Matetemeko halisi madogo huonekana zaidi usiku, kwa kuwa kelele za magari na mashine zimepungua. Yakirundikana saa za kazi, hizo ni baruti za machimbo.

Sasa tafuta ukubwa wa ukamilifu, Mc, yaani kiwango ambacho juu yake hakuna tukio lililopotea. Njia ya haraka: gawa ukubwa kwa hatua za 0.1, tafuta hatua yenye matukio mengi kuliko zote, ongeza 0.2. Kwa katalogi za dunia usiamini chochote kilicho chini ya takriban 4.5 upande wetu bila kukipima. Halafu kokotoa b ya Gutenberg–Richter, namba inayoonyesha matetemeko madogo ni mengi kiasi gani kuliko makubwa, kwa kanuni ya Aki: 0.4343 gawanya kwa (wastani wa ukubwa − (Mc − 0.05)). Mc ikiwa 4.5 na wastani 4.88, b ni 0.4343 ÷ 0.43 = 1.01. Kosa lake ni karibu b gawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi: matukio 50 yanakupa ±0.14, matukio 200 yanakupa ±0.07. Anayekuja na 30 na kuandika b = 0.97 bila kosa lake anajidanganya.

Poisson

*Inasema nini.* Kasi λ haibadiliki, na tukio la jana halina habari na la kesho. Uwezekano wa angalau moja ndani ya muda T ni 1 − e^(−λT).

*Inataka nini.* Miongo kadhaa ya katalogi, yakiwa yamebaki matetemeko makuu tu. Mitetemo ya baadaye, ile midogo inayofuata tetemeko kuu, lazima iondolewe kwanza. Madirisha ya Gardner na Knopoff ya 1974 bado hutumika: tetemeko la 5.0 hufuta yote madogo ndani ya kilomita 40 na siku 155 zinazofuata, la 6.0 hufuta ndani ya kilomita 54 na siku 510. Madirisha hayo yalitengenezwa kwa California ya kusini, na kwenye bumba hukata ovyo.

*Hesabu.* Tuseme umebaki na matukio 12 ya 5.0 na zaidi kwa miaka 40. λ ni 0.3 kwa mwaka. Uwezekano wa mwaka mmoja ni asilimia 26, wa miaka 10 ni asilimia 95. Kanuni hii ndiyo iliyozaa ile "miaka 475" ya wahandisi: asilimia 10 ndani ya miaka 50. Haina maana kwamba ardhi inatulia miaka 475 halafu inatikisika.

*Inapokosea.* Hesabu matukio kwa mwezi, gawanya varianzi (kipimo cha kutawanyika kwa hesabu hizo) kwa wastani. Poisson hutaka jibu liwe karibu na 1. Chukua mwaka wa kubuni wenye 1, 0, 2, 0, 1, 0, 24, 3, 1, 0, 2, 2. Wastani ni 3, varianzi ni 44.7, uwiano ni karibu 15. Toa ule mwezi wa 24 peke yake na uwiano unashuka hadi 1.0. Mwezi mmoja tu ndio ulioivuruga, na hivyo ndivyo bumba linavyofanya.

*Inamfaa nani.* Mhandisi wa majengo, mtu wa bima, yeyote anayeuliza kuhusu miaka mingi. Kikokotoo cha simu kinatosha.

Omori–Utsu

*Inasema nini.* Baada ya tetemeko kuu, mitetemo ya baadaye hupungua karibu kwa kinyume cha muda. Omori aliliona hilo mwaka 1894, akichunguza mitetemo iliyofuata tetemeko la Nobi la 1891, na mwaka 1961 Utsu akaongeza kipeo p. Kasi ni K ÷ (t + c)^p, t ikihesabiwa kwa siku tangu tetemeko kuu, K ikibeba wingi wa mitetemo, c ikiwa muda mfupi wa mwanzo, na p kwa kawaida ni karibu na 1.

*Hesabu.* Weka K = 20, c = 0.05, p = 1. Siku ya kwanza unatarajia 20 × ln(1.05 ÷ 0.05), yaani mitetemo 61. Kati ya siku ya 10 na ya 11, ni 1.9. Baada ya siku 100 ni 0.2 kwa siku, mmoja kila siku tano. Angalia umbo la mteremko huo: unaporomoka haraka, halafu mkia unakataa kuisha. Mkia ndio unaowachosha watu waliolala nje wiki mbili wakiambiwa yamekwisha.

Ukitaka uwezekano na si idadi tu, unganisha Omori na Gutenberg–Richter kama walivyofanya Reasenberg na Jones mwaka 1989: kasi ya mitetemo ya ukubwa M na zaidi ni 10^(a + b(Mkuu − M)) × (t + c)^(−p), Mkuu ikiwa ukubwa wa tetemeko kuu. Kwa wastani wa California walipata a = −1.67, b = 0.91, c = 0.05, p = 1.08. Tetemeko kuu likiwa 5.9, na umeshapita siku ya kwanza, kwa siku saba zinazofuata unatarajia mitetemo 0.26 ya 5.0 na zaidi: uwezekano wa asilimia 23. Wa kufikia au kupita 5.9 yenyewe ni karibu asilimia 4. Tarakimu hizo nne ni za ardhi nyingine. Kwetu zitumie kuanzia, kisha uzisahihishe kadiri data inavyoingia.

*Inataka nini.* Matukio 50 hadi 100 juu ya Mc katika mfuatano mmoja, na hapa pana mtego mkubwa. Kwa kanuni ya Båth, mtetemo mkubwa kuliko yote ya baadaye huwa pungufu ya tetemeko kuu kwa takriban 1.2. Tetemeko la 5.9 basi litatoa la 4.7, na kwa b ya 1, yaliyo juu ya 4.5 yatakuwa moja au mawili. Kufikisha 100 unahitaji Mc ya 2.7, na katalogi ya dunia haishuki huko. Bila mtandao wa vipima uliowekwa karibu, kulinganisha Omori na data ya tetemeko moja la 5.9 ni kuchora mstari kupitia nukta mbili. (Ukikuta mitetemo ya 4.5 na zaidi mingi kuliko hesabu hii, usishangilie data. Huenda unalitazama bumba.)

*Inapokosea.* Dakika na saa za mwanzo vipima vimezibwa na mtikisiko wa tetemeko kuu lenyewe, madogo hayasomeki, na hesabu hujibu kwa kuivimbisha c. Dawa yake ni kuanza kukokotoa baada ya saa kadhaa au kupandisha Mc kwa siku ya kwanza. Kosa la pili ni kupiga mstari mnyoofu kwenye grafu ya logi kwa rula au lahajedwali: siku zenye sifuri hutupwa, kwa sababu logi ya sifuri haipo, na p hutoka ndogo kuliko ilivyo. Tumia njia ya ulandanifu wa juu kabisa (maximum likelihood), inayotafuta parameta zinazoendana zaidi na data, kwa muda halisi wa kila tukio. La tatu ni lile la Gelai: ukiiwasha saa ya Omori tarehe 17 Julai, siku tano za mwanzo zinabaki nje, ukiiwasha tarehe 12, kasi inapanda badala ya kushuka. Hakuna t = 0 iliyo sahihi.

*Inamfaa nani.* Kamati ya maafa na wanaopaswa kutoa kauli ndani ya saa 24, mradi lipo tetemeko kuu lisilo na ubishi.

ETAS

*Inasema nini.* Ogata aliitoa mwaka 1988 akiazima fikra ya ugonjwa wa kuambukiza; jina ni kifupi cha Epidemic-Type Aftershock Sequence. Kuna matetemeko ya asili yanayokuja kwa kasi μ, kama Poisson, na kila tetemeko, kubwa kwa dogo, lina watoto wake wanaofuata Omori. Watoto nao huzaa. Kasi wakati wowote ni μ kujumlisha mchango wa kila tukio lililopita: K × e^(α(Mi − Mc)) ÷ (t − ti + c)^p, Mi na ti zikiwa ukubwa na muda wa tukio hilo, na α ikionyesha ukubwa unaongeza watoto kiasi gani. Hakuna anayechagua lipi ni kuu na lipi la baadaye, wala hakuna cha kufuta. Kwa anayechoka na ubishi wa madirisha, hiyo ni nafuu kubwa.

*Inataka nini.* Parameta tano kwa wakati mmoja, hivyo matukio mia mbili na zaidi ndipo zianze kutulia. Chukua pia miaka michache kabla ya dirisha lako na uiingize kama historia tu. Bila hiyo, mitetemo ya baadaye ya tetemeko lililotangulia dirisha itahesabiwa kuwa ya asili na μ itapanda. R ina pakiti za kazi hii, ETAS na PtProcess. Kila tukio hulinganishwa na yote yaliyolitangulia, kwa hiyo matukio 1,000 ni jozi nusu milioni, na 10,000 ni jozi milioni 50 kwa kila mzunguko wa hesabu.

*Hesabu.* Ukishapata parameta, kabla ya kufurahi kokotoa n, wastani wa watoto kwa kila tetemeko. β ni b mara ln 10, hivyo kwa b = 1 ni 2.30, na n = K × c^(1−p) ÷ (p − 1) × β ÷ (β − α). Weka K = 0.015, c = 0.02, p = 1.1, α = 1.6: n ni 0.73. Kila tetemeko la asili hatimaye huishia na ukoo wa matukio 1 ÷ (1 − 0.73), karibu 3.7. Sasa isogeze K hadi 0.021 tu. n inavuka 1, na ukiiendesha modeli hiyo kwenye kompyuta koo hazikomi kuzaliana. Ndiyo maana K iliyoandikwa bila kosa lake haimsaidii msomaji.

*Inapokosea.* Hesabu hukwama kwenye kilima kidogo ikidhani imefika kileleni. Ianzishe sehemu kumi tofauti na ulinganishe. α ikipita β, n haina maana tena. Bumba nalo huiharibu kwa namna yake. Kwa kuwa μ imelazimishwa isibadilike, ETAS haina mahali pa kuiweka magma, basi inawapa matetemeko madogo watoto wasio wao: α inashuka, n inapanda karibu na 1. Ukiona hivyo kwenye data ya Natron usiandike kwamba eneo hilo "linaambukiza sana". Gawa muda vipande na uruhusu μ tofauti kwa kila kipande, kisha uone kama AIC (alama ya kulinganisha modeli, ambapo ndogo ni bora) inashuka.

Ila ETAS ina kipimo kizuri kuliko nyingine zote. Badili muda wa kila tukio kuwa idadi ya matukio ambayo modeli ilitarajia hadi hapo. Modeli ikiwa sawa, grafu ya idadi halisi dhidi ya idadi iliyotarajiwa hunyooka kutoka pembe hadi pembe. Bumba lilipoanza, mstari hupinda ghafla kwenda juu kama barabara inayoacha tambarare na kuingia mlimani, na ukisoma tarehe ya pindo hilo unajua ni wapi pa kukata.

*Inamfaa nani.* Mwanafunzi wa uzamili au mtafiti mwenye data ya mtandao wa karibu, muda wa kutosha na R.

Modeli za kujirudia

*Inasema nini.* Mpasuko hujichaji, huvunjika, huanza upya. Uwezekano hupanda kadiri muda unavyopita. Inayotumika sana huitwa BPT (Brownian Passage Time), na hutaka vitu viwili: wastani wa vipindi na kiasi cha kuyumba kwake.

*Inataka nini, na inapokosea.* Tarehe za matetemeko makubwa mfululizo kwenye mpasuko uleule. Parkfield, California, ilikuwa nazo: 1857, 1881, 1901, 1922, 1934, 1966. Wastani ni miaka 22, kuyumba 0.33. Likangojwa karibu na 1988, vipima vikatandazwa. Lilikuja tarehe 28 Septemba 2004, baada ya miaka 38. Kama tarehe sita za mpasuko mmoja hazikutosha, kwetu, ambako hatuna mfuatano wa namna hiyo kwa mpasuko wowote wa Manyara au Natron, jedwali la BPT litakuwa dhana ya mwandishi iliyovalishwa desimali.

*Inamfaa nani.* Anayechimba mitaro kwenye mpasuko kutafuta tarehe za matetemeko ya kale. Akizipata, hapo tuzungumze.

Kulingana na hali yako

Kama unaandika ripoti ya jengo Moshi, Poisson inakutosha, mradi ueleze ulivyoondoa mitetemo ya baadaye na utoe λ mbili: moja ikiwa na miaka ya bumba, nyingine bila. Pengo kati yake ndilo kosa lako halisi, na mwenye jengo ana haki ya kuliona.

Kama tetemeko limetokea leo na mkuu wa wilaya anangoja simu, tumia Omori pamoja na tarakimu za kuanzia za Reasenberg na Jones, na useme kwa mara katika mia: "katika hali kama hii mia moja, mara 23 hivi utafuata wa 5 au zaidi ndani ya wiki." Rudia hesabu kila siku. Usitamke neno "tabiri"; kesho litakuwa kichwa cha habari.

Kama Natron imeanza tena na kubwa halijulikani ni lipi, weka Omori kando. Hesabu matukio ya saa 24 zilizopita na ya siku tatu zilizopita, toa kasi zote mbili na useme kama inapanda au inashuka. ETAS yenye μ inayobadilika itafuata baadaye, katalogi ikishasafishwa.

Na kama una matukio 60 na tasnifu inadaiwa Juni, usilazimishe ETAS ya parameta tano. Funga c na p kwa thamani za kuazima, uzitaje wazi, kadiria μ, K na α peke yake, kisha badili p kutoka 1.0 hadi 1.2 uone jibu linasogea kiasi gani. Likisogea sana, rudi kwenye Poisson na ule uwiano wa varianzi kwa wastani, na sura ya matokeo iwe juu ya bumba lenyewe.